Herufi za Uwesu

Aliyeikalia kompyuta ya mpakato ya mume wangu siku ya msiba wake hakujulikana, ingawa mimi namjua. Ni wifi yangu Zabibu, aliyefika kutoka Ipole akajitupa kwenye godoro kwa kilio bila kuuliza chini ya shuka kuna nini. Kioo kikapasuka. Sikumsema. Siku ile hata mtu angeibomoa nyumba nzima, ningemwitikia tu kwamba nimeshapoa.

Matanga yalipoanuliwa kila mtu alirudi kwake, nami nikabaki peke yangu katika nyumba yetu ya Gongoni, niko eda. Watu wanadhani eda ni kukaa tu. Wakakae wao, kisha waje kuniambia. Wateja wa asali ninayouza hapa nyumbani hawabishi hodi tena, wanaona haya. Jirani analeta mboga na kuondoka kabla sijamaliza kumshukuru. Nimefika mahali pa kuigombeza sufuria.

Ndipo nikampigia simu fundi Adinani. Kompyuta sikuihitaji kwa kazi yoyote. Uwesu, mume wangu, alikuwa haoni vizuri na alikuwa hakubali kwamba haoni. Miwani alisema ni ya wazee, na ndevu zake zote nyeupe. Badala yake aliyakuza maandishi ya kompyuta yakawa kama ya bango la kampeni, akaiweka juu ya kigoda, mwenyewe akakaa kule ukutani anasoma habari za mpira. Nilimcheka miaka yote. Sasa nilitaka kuyaona tena maandishi yale kama alivyoyaacha, basi. Nguo zake zilishagawiwa, kitanda kilishageuzwa, hata mswaki wake kuna mtu aliutupa kwa nia njema.

Adinani hakuingia ndani, maana mwanamume asiye maharimu haingii kwa mwanamke aliye eda. Alikaa barazani, pazia likawa katikati yetu.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, baba. Nimeshapoa," nikadanganya, kama inavyotakiwa.

"Kioo cha aina ile nimekikosa Tabora nzima. Nimepata kingine, kinaingia vizuri, na waya wake nimeupata. Ila nukta zake zinazochora picha ni nyingi zaidi. Picha itakuwa safi, lakini maandishi yatatoka madogo."

"Mwenyewe alikuwa akiyataka makubwa."

"Tutayakuza, mama. Usijali."

Nikakaa nyuma ya pazia nikisikiliza bisibisi yake. Nilifurahi kusikia mtu anafanya kazi nyumbani kwangu, kisha nikaona aibu kufurahi.

Alipomaliza aliiweka kompyuta kwenye kigoda karibu na pazia, akashuka barazani na kukohoa kunijulisha. Nikanyoosha mkono nikaivuta ndani. Herufi zilikuwa kama sisimizi. Nikairudisha, nikakohoa na mimi, akapanda kuikuza. Ikaja tena, bado ndogo. Ikaja tena, sasa kubwa mno, maneno mawili yamejaza mstari. Tukapokezana hivyo mpaka koo likaniwasha.

"Mama, hapo katikati hakuna kipimo," akasema mwishowe. "Mashine imeona kioo kigeni, ule mpangilio wa zamani imeusahau. Kipimo kimoja kinapungua kidogo, kinachofuata kinazidi kidogo. Mtu mwingine hawezi kujua tofauti."

"Mimi najua!" nikamjia juu, kijana wa watu asiye na kosa.

Kisha nikalia. Uwesu alipokufa nililia kwa adabu, maana nyumba ilikuwa imejaa wa kunitazama. Leo nililia kwa sauti, nimeshika pazia, kwa sababu ya ukubwa wa herufi. Nilikuwa nimempoteza kabisa na hakukuwa na kipimo cha kumrudisha.

Nilipotulia, Adinani akaiweka bisibisi chini. Halafu akaniuliza kwa upole jambo ambalo katika umati wote ule hakuna aliyeniuliza.

"Kwani atakayesoma sasa ni nani, mama?"

Bajaji ilipita barabarani, ikaja nyingine.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi peke yangu."

"Macho yako yanaona vizuri?"

"Yanaona vizuri sana."

"Basi niyapange kwa macho yako."

Niliikabidhi. Iliporudi, herufi zilikuwa za kawaida, na ukurasa aliouacha wazi Uwesu ulionekana wote kwa mara moja. Ilikuwa habari ya mechi ya timu yake, mechi iliyokuwa ichezwe Jumapili ya wiki ile aliyofariki.

"Soma kwa sauti, mama, nijue huyakazi macho."

Nikasoma. Nani majeruhi, nani atakaa golini, majina ya watoto wa watu nisiowajua. Sauti yangu ilikuwa imekauka kwa kukosa wa kusema naye, ikachukua mistari kadhaa kufunguka.

"Vizuri, inatosha," Adinani akasema, akaanza kukusanya vyombo vyake.

Nilimsikia. Nikaendelea na aya iliyofuata, bila kupumzika, ili asipate nafasi ya kuaga. Alisubiri kidogo kwa heshima. Halafu pikipiki yake ikawaka, nami nikaisoma hadi mwisho habari ya mechi ambayo mji mzima unajua iliishaje, isipokuwa Uwesu na mimi.