Kadi Yenye Mihuri Sita

Dada yangu ni fundi cherehani. Huwashonea wateja magauni ya njano na ya maua, lakini yeye mwenyewe miaka sita amevaa sketi nyeusi tu. Nilidhani ndiyo rangi anayoipenda. Siku niliposhika kadi yake ya kliniki nikaelewa, na hasira ile haijanitoka mpaka leo.

Nilikuwa na wiki ya tatu kazini, katika maabara ya kliniki hiyohiyo anayotibiwa. Alikuja asubuhi kung'olewa jino, shavu limevimba kama kaficha limau, akaniachia kadi aende msalani. Nikaifungua. Mihuri sita, mmoja kila mwaka: UPUNGUFU WA DAMU. VIDONGE VYA MADINI YA CHUMA, MIEZI MITATU. Daktari wetu aliuchongesha mhuri huo ili foleni iende mbio. Wagonjwa humwita Daktari Mhuri, naye hucheka nao. Kadi nzima haikuwa na neno hata moja la kalamu.

Damu ilikuwa pungufu kweli, na vidonge alivihitaji. Lakini mtu anajazaje ndoo miaka sita bila kuinama kutazama kama imetoboka?

Dada aliporudi nikamuuliza. Aliona haya, akaangalia mlangoni kwanza. Akaniambia siku zake huchukua siku kumi, na hujisitiri kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Akipiga mswaki, mate huwa mekundu. Sindano ikimchoma kidole, hufunga kazi kwa saa nzima. Alidhani wanawake wote wako hivyo, kwa sababu marehemu mama naye alikuwa hivyo.

Nilimshika mkono tukaingia kwa daktari, nikamwomba jino lisiguswe kabla ya kupimwa kama damu yake huganda. Daktari akasema wahitimu wapya huona magonjwa ya vitabuni kila kona, na kwamba mambo ya wanawake ni ya wanawake. Chumba cha pili, mganga wa meno alikuwa ameshavaa glavu.

"Umewahi kumuuliza damu yake inakwenda wapi?" nikasema. "Mara sita amekaa kwenye kiti hicho, daktari."

Alimgeukia dada, kana kwamba yeye ndiye wa kumtetea.

"Hukuniuliza, baba," dada akasema taratibu. "Kila mwaka nilingoja uniulize."

Mganga wa meno, aliyekuwa akisikia yote, akavua glavu.

Alimpa dawa ya uvimbe, na sampuli ya damu ikapelekwa hospitali ya rufaa. Majibu yalichukua wiki mbili. Dada alizaliwa na upungufu wa protini inayozishikanisha chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha. Ugonjwa huu hurithiwa. Hauambukizi, haukuletwa na kosa la mtu, na una dawa. Kabla ya kung'olewa jino alichomwa sindano ya kusaidia damu kuganda, kisha akapewa vidonge vya siku kadhaa, ambavyo sasa huvitumia pia katika siku zake.

Jino likatoka. Aling'ata pamba, mimi nikikodolea macho saa ya ukutani. Baada ya nusu saa pamba ilitoka na doa dogo tu. Nikaanza kulia.

"Unalia nini wewe?" akasema kwa mdomo uliokufa ganzi. "Jino lako?"

Miaka sita ya kizunguzungu juu ya cherehani, kwa kukosa swali moja! Wangapi wengine wana kadi kama ile?

Siku hizi, kila jibu la damu pungufu likitoka mikononi mwangu, chini ya tarakimu naandika kwa kalamu: Inakwenda wapi? Daktari amesema mara mbili kwamba maabara hutoa tarakimu, haiulizi maswali. Juzi nikapewa barua ya onyo, imegongwa mhuri.

Nimeiweka mfukoni mwa koti, na bado naandika. Jana dada alipita kuchukua vidonge vyake. Alikuwa amevaa sketi ya njano.