Jalala la Sekunde Kumi na Moja

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, simu ya mezani katika chumba cha kumbukumbu za picha iliita mara nne. Mtunza kumbukumbu alimaliza kwanza kuandika namba ya kanda aliyokuwa ameishika, akaweka kalamu chini, ndipo akapokea.

"Dada," ilisema sauti ya mdogo wake, "hilo jalala liko wapi?"

"Jalala gani?"

"Hilo mnaloonyesha kila siku. Lenye mbwa."

Alilijua. Kituo cha televisheni kilikuwa mji wa juu, lakini matangazo yake yalifika pia mji wa chini, na miji hiyo miwili, iliyoachana kwa kilomita thelathini na nane, ilichukiana kwa moyo mmoja. Kwa vipimo vya wapima ardhi, mji wa juu uliuzidi wa chini kwa mita arobaini na moja. Watu wake waliishi kana kwamba ni elfu nne.

Habari ya mji wa juu ikikosa picha mpya, ilivalishwa picha ya mzunguko wa barabara wenye bomba linalorusha maji. Bomba lenyewe lilikuwa limekauka miaka sita iliyopita. Kwenye kanda liliendelea kurusha. Habari ya mji wa chini, iwe ya uchaguzi, ya daraja au ya bei ya saruji, ilivalishwa jalala: sekunde kumi na moja za lundo la taka mbele ya kibanda cha bluu chenye mlango uliopinda, mbwa wa manjano akinusanusa, na mama mwenye ndoo akiruka dimbwi. Kwa mujibu wa kadi ya kanda, safu ya matumizi, kipande hicho kilikuwa kimerushwa mara sitini na tatu kwa miaka tisa. Mbwa yule, kama alikuwa hai, alikuwa mzee wa kupindukia. Hewani hakuongeza hata siku.

Mdogo wake alikuwa afisa usafi wa mji wa chini. Ijumaa iliyotangulia jalala lilikuwa limeonyeshwa tena, safari hii kwenye habari ya kufunguliwa kwa maktaba, na madiwani wakasema imetosha, aibu hii ina mwenyewe. Mwenyewe akaonekana kuwa yeye. Alipewa mpaka Ijumaa hii saa nane mchana awe ameliondoa jalala hilo, la sivyo akabidhi funguo za ofisi.

"Nimewaambia mjini kwetu hakuna mahali kama pale," alisema. "Wakaniambia ndiyo maana halijazolewa. Tumezunguka na magari mawili, dada. Diwani mmoja anasema liko nyuma ya stendi. Mwingine anaapa amekulia hatua mia kutoka kwenye kile kibanda, alikuwa akitumwa sukari pale. Mwenyekiti wa halmashauri ndiye kiboko: anasema mbwa yule anamfahamu."

"Anamfahamu vipi?"

"Sikuuliza. Mwenyekiti haulizwi. Unacheka?"

"Hapana." Hakuwa akicheka. Alikuwa ameshaandika namba ya kanda kwenye karatasi.

"Wewe nitajie tu lilipo, nikalizoe. Shida yangu si taka, shida yangu ni anwani."

"Nitakupigia nikiwa na uhakika."

"Na uhakika wako huwa unachukua muda gani?"

"Unaotakiwa."

Upande wa pili ulisikika mguno ambao ulikuwa wa familia nzima. Marehemu mama yao alikuwa akisema kwamba binti huyu ukimuuliza kama mboga imekolea chumvi, anaonja mara mbili na wageni wanasubiri. Kazini walimwita Bi Ushahidi, na hakuona kama ni utani.

Alianza na kadi. Kwenye safu ya mahali paliandikwa, kwa mwandiko wa mtangulizi wake: mji wa chini. Hapo alisimama kidogo. Mtangulizi wake alikuwa na mazoea ambayo yeye alikuwa ameyagundua mwaka wa kwanza na kuyarekebisha kwenye kadi elfu mbili na ushei, bila kufika kwenye hii: kwenye safu ya mahali hakuandika picha ilipopigwa. Aliandika mahali pa habari iliyoibeba mara ya kwanza.

Akatoa kanda ghafi, ile kabla haijakatwa. Ilikuwa na sekunde arobaini na mbili. Kumi na moja za kwanza zilikuwa zile zinazojulikana. Kisha mbwa akaondoka, mama mwenye ndoo akatazama nyuma na kusema kitu ambacho si cha kutangazwa, na katika sekunde ya ishirini na tisa mpiga picha, pengine akikwepa hasira ya yule mama, akainua kamera. Nyuma ya kibanda cha bluu kulikuwa na mlingoti wa chuma wenye madishi mawili, moja likiwa na pengo upande wa kushoto.

Mtunza kumbukumbu aligeuka dirishani. Mlingoti ulikuwa pale pale, na pengo lake. Chini yake, palipokuwa na lundo, sasa paliegeshwa magari ya kituo. Nyani haoni kundule, husema watu, lakini nyani angalau hajapewa kamera. Watangazaji watatu waliokuwa wakisoma habari za jalala lile waliegesha magari yao juu yake kila asubuhi.

Mtu mwingine angempigia mdogo wake simu saa ile ile. Yeye alikuwa na ushahidi mmoja, na alitaka wa pili. Mpiga picha wa kanda ile alikuwa amestaafu, na wiki hiyo alikuwa hospitalini akitolewa mtoto wa jicho. Alipatikana Jumatano jioni.

"Naikumbuka," alisema mzee. "Mvua ilikuwa inanyesha, barabara ya kushuka imekatika, na mhariri anataka picha ya taka za mji wa chini kabla ya saa saba. Nikatoka mlango wa nyuma. Hata mwavuli sikuchukua."

"Hukumwambia mhariri?"

"Aliuliza kama ninayo. Nikasema ninayo. Mwanangu, jalala ni jalala. Halina kitambulisho."

Alhamisi saa tatu asubuhi aliingia kwa mhariri mkuu wa habari, mzaliwa wa mji wa juu na mtu wa sauti ya chini, akiwa na kanda, kadi na fomu ya masahihisho. Mhariri alitazama sekunde zote arobaini na mbili. Kisha akasogea dirishani, akatazama gari lake.

"Kwa hiyo unataka tuwaambie watu kwamba lile jalala ni letu."

"Nataka tuwaambie lilipopigwa."

"Ndiyo hayo hayo, Bi Ushahidi, ila ya kwangu yanauma." Akachukua kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Kituoni masahihisho yalisomwa kila Ijumaa saa saba mchana, na mwenye ushahidi hakuzuiwa. "Nasaini. Weka kwenye trei, kesho saa tano naipitisha. Mji wa chini watafanya sherehe wiki nzima, na mke wangu anatoka huko, kwa hiyo nitaisikia nyumbani."

Fomu ikalala kwenye trei. Saa nne kasoro robo alirudi mezani kwake, akanyoosha mkono kuichukua simu, nayo ikaita kabla hajaigusa.

"Dada," alisema mdogo wake kwa furaha, "limepatikana."

"Nini?"

"Jalala."

Akaibana simu sikioni.

"Nilikusubiri mpaka juzi," aliendelea. "Nikaona maji yamefika shingoni. Unakijua kile kibanda cha shangazi, alichokuwa akiuzia mkaa? Nimekipaka rangi ya bluu, makopo mawili. Mlango nimeupinda mwenyewe. Taka nimezitoa dampo, matoroli saba, nikazimwaga pale mbele. Dimbwi nikalichimba na kulijaza maji. Mbwa wa manjano amekosekana, nimeazima wa kahawia kwa mwenye bucha."

"Na mama mwenye ndoo?"

"Shangazi. Ameruka mara tatu. Mara ya kwanza anasema hakuwa tayari, ya pili eti ndoo haikuonekana." Alicheka. "Kijana wa picha wa halmashauri akapiga. Kabla. Halafu tukazoa, tukafagia, akapiga tena. Baada. Nikawaita madiwani. Yule wa sukari karibu alie, dada. Anasema nimemrudishia utoto wake. Leo asubuhi nimepewa barua, nimethibitishwa kazini. Na kanda yenyewe nimewatumia kwa basi, inafika kwenu kesho asubuhi. Mwenyekiti anataka irushwe."

Mtunza kumbukumbu alitazama trei kupitia kioo cha mlango.

"Upo?"

"Nipo."

"Ulisema utanipigia. Umepata uhakika?"

"Nimepata. Jalala lile liko hapa. Nyuma ya kituo, kwenye maegesho. Mpiga picha amekiri."

Mdogo wake aliacha kucheka.

"Mmeshasema hewani?"

"Kesho saa saba. Fomu imesainiwa."

"Basi kesho saa saba na robo mwenyekiti ataniuliza nimezoa jalala la nani. Na saa nane nitakabidhi funguo, si kwa uzembe tena, kwa udanganyifu." Akavuta pumzi. "Ungenipigia Jumatatu, dada."

"Jumatatu sikuwa na uhakika."

"Nakujua. Sikuombi useme uongo, wewe hata kwenye chumvi hujui. Nakuomba tu unyamaze."

"Hilo nalo lina jina lake."

"Lina majina mengi," alisema mdogo wake. "Moja ni undugu." Akakata simu.

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi kifurushi kilifika. Alikifungua, akaitazama kanda mara mbili. Bluu ya kibanda ilikuwa mbichi mno, na tone lake lilionekana likiteremka mlangoni. Kwenye kona ya chini, kamba iliyomfunga mbwa iliingia kwenye picha kwa sekunde mbili. Shangazi aliruka vizuri, akatua, kisha akaitazama kamera kama mtu anayengoja pongezi. Kabla ilichukua sekunde kumi na nne. Baada, sekunde kumi: uwanja mtupu uliofagiliwa, usio na kitu cha kutazama.

Akachukua kadi mpya. Mahali: mji wa chini. Tarehe: Jumatano ya wiki hiyo. Kinachoonekana: lundo la taka, kibanda cha bluu, mbwa wa kahawia, mama mwenye ndoo. Alisoma tena neno kwa neno akitafuta uongo, hakuuona. Taka zilikuwa taka, na mji ulikuwa wa chini. Tangu aanze kazi ile, hii ilikuwa picha ya kwanza ya jalala la mji wa chini iliyopigwa mji wa chini.

Kisha akaichukua kadi ya zamani. Akafuta mahali kwa mstari mmoja wa rula, juu yake akaandika: mji wa juu, nyuma ya kituo. Akaweka tarehe na saini.

Saa nne na dakika hamsini alikwenda kwenye trei, akaitoa fomu. Chini yake kulikuwa na mstari ambao hakuwahi kuona umejazwa: sababu ya kuondoa. Alisimama nayo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Akaandika: masahihisho yamefanyika kwenye kadi. Akampelekea mhariri mkononi.

Mhariri alisoma, akainua macho. "Jana ulikuwa tayari kunitia aibu nchi nzima."

"Kadi imesahihishwa, Mkuu."

"Na kadi husomwa na nani?"

"Anayetafuta picha."

Mhariri alimwangalia kidogo zaidi, kisha akaikunja fomu mara mbili na kuitia kwenye droo. "Mke wangu hatajua alichokosa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mtunza kumbukumbu alirudi chumbani kwake akiwa hana mahali pa kuweka mikono.

Saa sita na nusu chumba cha habari kilituma maombi mawili ya picha. La kwanza lilikuwa la mji wa juu, habari ya kupanda kwa kodi za nyumba. Akawapa walichotaja, bomba linalorusha maji. La pili lilikuwa la mji wa chini: wanafunzi wake walikuwa wameshika nafasi ya kwanza nchi nzima kwenye hesabu. "Picha yoyote ya mji," ilisema karatasi, "ile ya kawaida."

Ile ya kawaida, kwa mujibu wa kadi, haikuwa tena ya mji wa chini. Aliandika jibu hilo. Mhariri wa zamu akauliza ipo ipi basi. Akamwambia ipo mpya, ina sehemu mbili, Kabla na Baada, na akapendekeza Baada.

"Baada haina kitu," alisema mhariri wa zamu alipokwisha kuitazama. "Kiwanja tu. Nipe hiyo yenye mama."

Saa saba na dakika tisa mchana msomaji wa habari aliwapongeza wanafunzi wa mji wa chini. Wakati akitaja alama zao, kwenye skrini kibanda kibichi cha bluu kilionekana, mbwa wa kahawia akanusa, na shangazi akaruka dimbwi. Kipande kilikatwa kwenye sekunde ya kumi na moja, kabla hajatazama kamera. Maelezo ya chini ya picha yalisema: mji wa chini. Yalikuwa sahihi.

Saa saba na robo ujumbe wa mdogo wake uliingia kwenye simu: "Mwenyekiti anauliza mbona mmelirudisha tena na mimi nimeshalizoa. Shangazi anauliza mbona mmemkata."

Alivuta kadi mpya, na kwenye safu ya matumizi akaandika: 1.