Mkono Ulioshonwa Kinenani

Siku ya kumi na mbili Byabato alikuwa hakaliki kitandani. Mashine ya kukoboa kahawa ilikuwa imemchuna kidole cha mkono wa kushoto hadi mfupa, na daktari akakifunika kwa ngozi ya kinena, ila ngozi yenyewe hakuikata yote. Upande mmoja aliuacha umeshikana na mwili ili iendelee kupata damu. Kwa hiyo ilibidi mkono ukae hapo hapo wiki tatu, umeshonwa. Ukiuvuta, ngozi inakufa.

Alihesabu mabati ya paa, akasonya, akahesabu tena. Mwanamume mzima, mkono ndani ya kaptula!

Ndipo mkewe Edith akachungulia. "Mama amekuja kutoka Mabira. Yuko mlangoni."

"Mama mkwe? Mrudishe!"

"Amepanda bodaboda tangu alfajiri. Mrudishe wewe."

Kwao, wewe na mkwe hamtazamani hovyo, na akikupa kitu unakipokea kwa mikono miwili. Sasa amkute hivi? Byabato akauma meno, akaanza kuuvuta mkono. Nyuzi zikakaza, damu ikalowesha shuka.

"Utakipoteza kidole!" Edith akapiga kelele.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe aliingia kinyumenyume, akipapasa hewa kwa mkono, mpaka kisigino chake kikagonga kitanda. Bila kugeuka, akapitisha nyuma bakuli la ndizi.

"Pokea kwa mmoja, mwanangu," alisema. "Mgongo wangu hauna macho."