Maji Yaliyopanda Mlima

Siku mama yake Mpimamaji alipozikwa, Mjomba hakuingia ndani. Alisimama barabarani na viatu vyake vinavyong'aa, akasema dada yake alikuwa mzee na uzee hauna dawa, kisha akarudi kwenye kiwanda chake cha ngozi, juu ya mtaa ule ule. Mpimamaji alimsikia kupitia dirisha. Tangu hapo moyo wake ukawa mchungu kama shubiri, na hakutaka kuutia sukari.

Jina la Mpimamaji alipewa na majirani. Katika ofisi ya bonde la mto alipima mvua inayotiririka na inayozama ardhini, kisha akailisha kompyuta vipimo hivyo ili ioneshe maji yanakoelekea. Alijua kwamba maji ya kuoshea ngozi, yenye chumvi na dawa, ambayo Mjomba aliyamwaga shimoni, yalishuka polepole mchangani hadi kisima cha mama. Mama aliyanywa hadi figo zikakataa kazi.

"Thibitisha basi, msomi!" Mjomba alimwambia mbele ya mafundi wake. "Maji yana kitambulisho? Umeyauliza yametoka kwa nani?"

Mafundi wakaangua kicheko.

Msiba haujapoa, Mjomba akachimba kisima chake kirefu nyuma ya nyumba, upande wa juu wa shimo, akafunga pampu iliyonguruma kutwa kucha kulisha kiwanda na jiko lake.

"Huogopi shimo lako?" Mpimamaji aliuliza.

"Hata kama linavuja, maji hayapandi mlima, mpwa wangu. Mimi nakaa juu. Wa chini shauri yenu."

Neno hilo alikwenda nalo kazini. Aliteremsha utepe wa kupimia kina katika kisima cha mama, akakuta maji yamepungua. Kwa Mjomba, mkaza mjomba alimfungulia kifuniko bila maswali, na huko maji yalikuwa chini zaidi. Alipoilisha kompyuta vipimo hivyo, alibaki ameduwaa. Pampu ilikuwa imevuta maji kutoka kila upande, mpaka kule chini ya ardhi, pasipoonekana na jicho, mteremko ukageuka. Uchafu wa shimo sasa ulikuwa safarini kuelekea kwa mwenyewe.

Kompyuta nayo hukosea. Kwa hiyo akatundika vifuko vya makaa katika visima vyote viwili, kisha akamimina shimoni rangi ya kufuatilia maji. Rangi ile ikishachanganyika ardhini haionekani tena, lakini makaa huinasa. Mvua zilipokwisha akavitoa vifuko, akayasuuza makaa kwa dawa, akamulika dawa ile kwa taa ya ofisini. Ya kwa mama haikuonesha kitu. Ya kwa Mjomba iliwaka kijani kama jicho la paka.

Alicheka peke yake mpaka mwenzake wa meza ya pili akageuka. "Vipi, umeshinda bahati nasibu?"

"Nimeshinda zaidi ya hiyo."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Yeye alitakiwa kunyamaza tu. Mjomba angekunywa, angepika, angenawa, na siku moja figo zake zingeuliza swali lile lile: maji haya yametoka kwa nani?

Jioni alipiga magoti kumshukuru Mungu. Shukrani zilitiririka vizuri hadi alipofika, kama kawaida yake, kumwombea mkaza mjomba, mwanamke aliyemwogesha mama na kumlisha uji kwa kijiko hadi siku ya mwisho. Huyo naye alikunywa maji yale yale.

"Huyu mtoe," alimwambia Mungu. "Yule mwingine niachie mimi."

Hakujibiwa. Alibaki pale mpaka magoti yakafa ganzi, akainuka akiwa amemkasirikia Mungu, lakini aliinuka.

Kesho yake alikwenda kwa Mjomba, akamwonesha chupa mbili za dawa ile chini ya taa, akamweleza yote. Mkaza mjomba, aliyekuwa mlangoni na glasi mkononi, aliimwaga nje taratibu.

Mjomba alikimbilia swichi ya pampu. "Naizima sasa hivi!"

"Ukiizima, mteremko unarudi ulivyokuwa, na uchafu unarudi kwa dada yako. Na kisima cha dada yako mvua zimekisafisha, nimekipima, sasa ndicho pekee chenye maji safi mtaa huu."

"Sasa nifanye nini?"

"Shimo utaliziba. Pampu itaendelea kunguruma, na maji yake yataingia kwenye matangi ya kusafishia, si jikoni kwako. Ripoti ofisi inayo. Maji ya kunywa utachota kwa dada yako. Wewe mwenyewe. Nikimwona fundi au mke wako na ndoo, nafunga."

"Unaniaibisha, mpwa wangu."

"Ndiyo, Mjomba."

Asubuhi iliyofuata Mjomba alishuka na ndoo, majirani wakisimamisha mifagio. Mpimamaji alikuwa amefunga lango kwa makusudi.

"Hodi," Mjomba alisema kwa sauti ya chini.

"Unampigia nani hodi? Kisima si changu."

Kule juu pampu ilinguruma. Mjomba aliiweka ndoo chini, akavua kofia.

"Hodi, dada."

Mpimamaji alimwacha asimame kidogo, juani, pale pale aliposimama siku ya mazishi. Kisha akafungua.