Mafaili Yasiyo na Majina

Mwaka 2013, ungemuuliza mtu yeyote sokoni Tunduma habari za Lusubilo, angekuambia ni kijana mwema, ila usimchokoze kwa habari za Linux, mfumo wa kompyuta alioupenda. Ukimchokoza, chai yako itapoa hajamaliza. Alimwandikia Mzee Idrisa, msafirishaji aliyehamia kutoka Kondoa, programu ya kufuatilia malori yake. Siku za mapumziko alikuwa na penzi la pili: kupanda milima ya kwao Ileje na kinasa sauti, akirekodi wazee wakisimulia kwa Kindali majina ya miti, nyimbo za kulimia na habari za nyuki.

Sauti za miaka minne zilikaa kwenye diski moja ya nje. Humo ndimo alimokuwa pia baba yake, Danieli, aliyefariki Februari ile. Hapakuwa na sauti ya marehemu mahali pengine popote.

Nakala ya pili? Kila Jumatatu Lusubilo aliwahubiria makarani wa Mzee Idrisa wahifadhi nakala za kazi zao. Yeye mwenyewe hakuwa nayo, na wahubiri wengi ndivyo tulivyo.

Jumanne moja kompyuta za ofisi ziliamka zimejaa virusi, vilivyoletwa na flashi za madereva. Lusubilo akasema dawa anayo. Akachomeka flashi ili aiwekee Linux, isiyoambukizwa na virusi vile, akaandika amri kwa kasi ya mtu anayejua mno, akabonyeza. Taa ya flashi haikuwaka. Iliyowaka ilikuwa ya diski ya sauti, iliyochomekwa kando yake.

Alichomoa waya. Sekunde ishirini zilikuwa zimepita, na alipoichomeka tena, diski ilionekana tupu.

"Mzee," akasema, "nimemfuta baba."

Mzee Idrisa hakujua kompyuta, lakini msiba aliujua. Akafunga mlango, akamketisha. "Kuna anayejua kuliko wewe?"

"Wapo, Mzee. Ila siwafahamu."

"Basi waulize hao hao, mwanangu."

Akaandika kwenye jukwaa la watumiaji wa Linux mtandaoni. Kabla ya adhuhuri akajibiwa na mtu wa nchi ya mbali, wala jina lake halisi hakulijua. Usiandike chochote tena kwenye diski hiyo, alisema. Ipo programu ya bure ya kuipekua kipande kwa kipande na kuokota kilichobaki. Vilivyokuwa mwanzoni mwa diski havitarudi. Majina ya mafaili nayo hayatarudi, yatakuja na namba tu. Mgeni yule akakaa naye mpaka alasiri, swali kwa jibu, bila kudai hata ahsante. Umeme ulipokatika, Mzee Idrisa aliwasha jenereta. Karani alipouliza kama iendelee kula mafuta, mzee alimkazia macho: "Izimwe vipi, na marehemu bado yumo ndani?"

Yakarudi mafaili mia mbili na kumi na manne, kati ya mia tatu na kitu. Kujua lipi ni la nani kulitaka kusikiliza, kwa hiyo Jumamosi Lusubilo akamwita mama yake, Tabita, kutoka Itumba. Wakaketi chumbani na chai na viazi vya kuchemsha. "Huyu Mika wa bondeni," mama alisema, naye akaandika jina. "Huyu mama yake Ruti." Waliendelea hivyo Jumamosi nzima, na Jumapili baada ya ibada. Mafaili yalipokwisha, yale sita aliyomhoji baba yake hayakuwemo.

"Mama, nimempoteza baba," alisema. "Nisamehe."

Tabita alimtazama kwa mshangao. "Na salamu umezifuta?"

"Salamu zipi?"

"Kila faili unaruka mwanzo. Kwetu utamfikiaje mzee wa watu umuulize mambo yake, bila baba yako kukupeleka na kukutambulisha?"

Kweli Lusubilo alikuwa akiziruka. Salamu zile zilimchosha tangu zamani. Hata programu ya kuzikata alipanga kuiandika, akawa anaahirisha, na leo aliushukuru uvivu wake kuliko akili zake zote. Akarudi kwenye faili la kwanza, akaliacha lianze lenyewe. Jogoo akawika, mlango ukagongwa, kisha ikaja sauti ya baba, nzito, kwa Kindali: "Mimi ni Danieli. Huyu ni mwanangu, anahangaika na kamashine kake, mvumilieni."

Mama aliweka kikombe chini. Lusubilo alilia bila kujificha, akimshukuru Mungu, na Mzee Idrisa, na yule mgeni asiye na jina. Wakasikiliza la pili, la tatu, la kumi. Baba alibisha hodi nyumba baada ya nyumba, mwaka baada ya mwaka, na kamashine kakaacha kutajwa kadiri jina la mwana lilivyojulikana vijijini.

"Weka la mwisho," mama alisema.

Mlango ukafunguliwa. Sauti ya kizee ikauliza ni nani.

"Wewe hunijui," baba akajibu. "Mimi ni baba yake Lusubilo."