Oili Haijapata Moto Bado

...na mstari bado mwekundu, mwekundu vilevile kama alipouangalia sasa hivi, simu imelala pajani, injini inanguruma taratibu chini ya kiti, na Flaviana anajikanya, acha kuitumbulia macho simu we mwanamke, hata wali ukiufunuafunua hauivi, oili ya giaboksi ina muda wake, na hili boksi jipya la kuongoza gia halikubali kuanza kujifunza oili ikiwa ya baridi, ndivyo lilivyo, linasubiri, mstari kwenye simu ukigeuka kijani ndiyo litasema haya, twende, na likishasema twende yeye Flaviana, fundi umeme wa gereji ya Salumu, ataweka D, ataachia breki, atatoka getini na lori la baba yake, atakata kushoto, ataingia Manzese mchana kweupe, na lori litabadili gia lenyewe, moja, mbili, tatu, bila mtu kugusa swichi, jamani, bila mtu kugusa kitu... anabana midomo asije akacheka peke yake kama chizi, maana Brightson yuko pale kwenye benchi na kikombe cha chai anamtazama, na Brightson ndiye fundi aliyezifunga zile swichi. Swichi za ukutani, ndiyo, za kuwashia taa chumbani, mbili, nyeupe, kazikaza kwa skrubu kwenye dashibodi ya lori la mtu mzima, mwaka ule kompyuta ya gia ilipoungua na nyingine ya lori kuukuu namna hii haipatikani hata ukalia machozi, lori likang'ang'ania gia moja halitaki kutoka, Brightson akasema mzee, tunapiga dairekti, kwani kompyuta kazi yake nini, si kuwasha na kuzima vidude viwili mle ndani ya giaboksi, basi utawasha na kuzima mwenyewe, kompyuta uwe wewe, na tusimnyime mtu haki yake, ilifanya kazi, washa ya kwanza ni gia namba moja, washa zote ni namba mbili, zima ya kwanza ni tatu, zima zote ni nne, na baba akaishika siku ileile, mkono wa kulia usukani, wa kushoto kwenye swichi, kichwa kakiinamisha kidogo anaisikiliza injini, inapanda, inapanda, ikifika pale anapopataka yeye anasema "sasa", ta, inapanda tena, "sasa", ta, mpaka watu wa Chanika wakawa wakilisikia lori wanaambiana mzee Fransis huyo anapita, anazima taa zake, wanacheka, na yeye anacheka nao, matofali nyuma, ta, ta, hakuwahi kuchelewa wala kuwahi, alikuwaga na sikio la ajabu yule mzee... alikuwaga, ebo, si yupo hai, yupo pale nje kasimama na fimbo yake, lori kaligeuzia mgongo, anaongea na Salumu mwenye gereji, "...tope la kule Chanika, Salumu, usiombe, linakushika mpaka hapa...", na basi la mwendokasi linapita huko barabarani, maneno mengine yanaliwa.

Mkono wa kushoto. Yote yaliishia kwenye mkono wa kushoto, na mguu wake, siku ile matofali yalipoporomoka wakati wa kushusha, yakamlalia baba upande mmoja tu, kana kwamba yamechagua, upande wa kulia hata ukucha haukuchubuka, na daktari alipomaliza kumgeuzageuza akasema mzee, huku kulia uko sawasawa, macho sawasawa, ila kushoto mkono hautakuwa na nguvu ya kushika, na mguu utakubeba lakini klachi usahau, ukipata gari ya otomatiki unaendesha bila wasiwasi, na mama akalia, na baba akaitikia asante daktari, na Flaviana peke yake akabaki anarudia kichwani gari ya otomatiki, gari ya otomatiki, maana lori lao ni otomatiki, toka Japani lilikuja otomatiki, watu wakamcheka baba eti kanunua gari ya kina mama, ni otomatiki inayodai mkono wa kushoto tu kwa sababu ya swichi za Brightson, na kila fundi aliyeulizwa jibu lake lilikuwa moja, weka giaboksi ya mkono, dada, achana na mambo ya umeme, giaboksi ya mkono zimejaa tele, na yeye anawaambia klachi ataikanyaga na nini, na wao wanasema basi muwekee dereva, kijana mmoja tu, ishu imekwisha, kama vile baba anachotaka ni lori litembee... Sasa boksi hili hapa, liko chini ya dashibodi, dogo, kama redio ya mfukoni, limekaa palepale zilipokuwa swichi, matundu ya skrubu bado yanaonekana, kavuta waya moja moja toka kwenye giaboksi, ule wa sensa ya mwendo, ule wa pedali ya mafuta, vile vidude viwili, kila mmoja kaujaribu kwa taa kabla ya kuufunga, na juzi lilipokataa kuwaka, linawaka linazima, linawaka linazima, Brightson akapiga mluzi, na yeye jasho likamtoka mpaka mgongoni, kumbe ni waya wa ethi, unaotakiwa kugusa chuma kitupu, kaufunga juu ya rangi, rangi ya baba, baba anayelipaka lori rangi kila Krismasi kwa brashi ya nyumba, tabaka juu ya tabaka, bodi imenenepa, fundi gani anafunga ethi juu ya rangi, tena rangi ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaikoroga kwenye kopo akiwa mtoto, akakwangua, nyekundu, bluu, kijani, bluu tena, mpaka chuma kikatoa macho, akakaza, boksi likawaka na halikuzima tena, na furaha aliyoipata pale, yaani, alitaka kumkumbatia mtu na mtu wa karibu alikuwa Brightson, akaacha.

Mstari... umesogea, haki ya nani umesogea, ile rangi ya chungwa inaanza kuchungulia pembeni, tulia, likikubali, baba kesho yuko barabarani, likikubali, Isack ataondoka kama alivyokuja, maana Isack dalali naye yuko hapa, kakaa kivulini na yule mnunuzi wa vyuma chakavu, wamekuja mapema kabisa, na aliyewaita si mwingine, ni baba mwenyewe, jana mezani kasema kwa sauti ya kawaida kabisa, likigoma kesho Isack aondoke nalo hukohuko gereji, sitaki kuamka kila siku nalitazama uani, mama akaweka kijiko chini, baadaye akamvuta Flaviana jikoni akamnong'oneza, "Mwanangu, lijaribu kwanza wewe, likikataa usimpandishe, atakufa kwa aibu yule", na yeye akasema sawa mama, na hata asingesema sawa, hapa kwa Salumu ndio utaratibu, fundi aliyefunga ndiye anayejaribu, mwenye gari anakaa kushoto au anabaki kwenye benchi, Salumu hataki mchezo kwenye hilo, kwa hiyo kila kitu kiko sawa, amekaa anapotakiwa kukaa, mikono kwenye usukani, na anajua kabisa atakavyopita mbele ya Brightson, hatamwangalia, au atamwangalia kidogo, fundi wa kwanza Manzese nzima kufunga kitu hiki, mwanamke, binti wa mzee Fransis, watamtafuta, watatoka mpaka Kimara kumtafuta, dada wa gia, watamwita, na baba atakuwa kasimama pale getini anaona... anaona. Baba atakuwa kasimama anaona. Kuna kitu hapo hakikai sawa, hajui kwa nini, si alishapanga hivyo toka jana.

Ni ile ya asubuhi hii, ndicho kinachomsumbua, acha ajifanye hajui, ile walipofika, yeye kawasha gari, na baba akaja zake kwa fimbo, akapita mbele ya lori, hakwenda mlango wa kushoto, miguu ilimpeleka yenyewe kulia, akanyoosha mkono kwenye kitasa, vidole vikakigusa, ndipo akainua macho akamkuta yeye kakaa ndani, akaurudisha mkono polepole, akaufuta kwenye suruali kama vile kitasa kina oili, akasema "Aa, sawa, sawa, fundi kwanza", akatabasamu, na ni lile tabasamu, Flaviana analijua, ndilo analowapa wote toka atoke hospitali, mama akimpozea uji na kuuonja kwanza, "asante", jirani akimvutia kiti ambacho angeweza kukivuta, "asante", simu yake ikiita mtu anaipokea kwa niaba yake, anasema baba kapumzika, na yeye yupo macho, "asanteni", mtu aliyekuwa anaendesha lori kwa swichi mbili za chumbani anafunguliwa mlango wa choo, na sauti inapungua, kila asante ndogo kuliko ya jana, na yeye Flaviana, anayejiona ndiye pekee anayemwelewa, kakaa kwenye kiti chake amuonjee lori. Amuonjee, ndiyo, tena eti kwa heshima, likiwa chungu alimwage kabla hajaliona.

"Mama, bado?" anauliza baba kule nje, hageuki, amezoea kumwita binti yake mama, "Bado, baba, linapata moto," anajibu, sauti imemtoka juu kidogo, na baba anamwambia Salumu, "Halina haraka, lenyewe likiwa na mzigo...", na huyo anaendelea na tope lake la Chanika, na kule Chanika ndiko alikomfundisha Flaviana kuendesha, barabara ya shamba, lori tupu, alishuka akazunguka akasema sogea huko, akapanda kushoto, akafunika uso kwa kofia, akasema mie nalala, tukifika niamshe, na yeye hakuwa hata na leseni, swichi hizo, ta, kakosea, lori likaruka kama mbuzi, akanyooka moja kwa moja kwenye mpapai, mpapai chini, papai juu ya boneti, akalia, na baba akainua kofia kidogo, jicho moja, akauliza, "Wa nani huo mpapai?", na alipoambiwa ni wa Mama Margareta akasema tutakwenda kumwomba radhi, washa gari, akashusha kofia, kwisha, hakusema hama nikuonyeshe, hakuipita ile barabara kwanza aone kama kuna mpapai, alimwachia aharibu mbele yake, na usiku ule Flaviana alitembea uani kifua mbele kama kapewa shamba... Hofu ya nini sasa, breki nzima, lori tupu, uchochoro wa nyuma ya gereji hauna watu, na baba mkono wake wa kulia anaufikisha kwenye gia akijipinda kidogo, mara moja tu, D, basi, na boksi likigoma litagoma, lori litatambaa na gia namba moja mpaka mwisho wa ukuta, Isack atasimama, Brightson atakunywa chai yake, aibu itakuwepo, itamuuma, lakini itamuuma akiwa ameshika usukani, na akilia, mtu mzima ana haki ya kulia ndani ya gari lake, na likikubali, eh, likikubali, basi wa kwanza kulisikia likibadili gia awe yeye, mie nina nini cha kulisikia kwanza, hili sikio langu kalifundisha nani.

Anahakikisha gia iko P, handbreki juu, anainua mguu, anaupitisha juu ya ile nundu ya katikati, goti linagonga dashibodi, linauma vizuri, simu inaanguka anaidaka, na huyo kashafika kushoto, kakaa, anahema kama amepanda ghorofa, na furaha aliyonayo ni nyingine, si ile ya kupita mbele ya Brightson, hii imemjaa mpaka kwenye vidole, imechanganyika na woga, hawezi kukaa akatulia. "We Flavi, vipi, unahama?" anauliza Brightson kutoka benchi. "Nimehama," anasema. Salumu kamwona, juu ya bega la baba, kakunja uso, hapa fundi ndiye anayejaribu, kafungua mdomo, na Flaviana anamwangalia tu, anamwangalia, mpaka Salumu anaufunga, anarudisha macho kwa baba, anaitikia, "Ehee, tope, halafu ikawaje?" Injini inanguruma vilevile, oili haijapata moto bado. Baba hajageuka. Anaeleza jinsi walivyolikwamua lori kwa magunia, fimbo inachora chini, na kiti cha dereva kiko wazi, na mlango wake umefungwa, kitasa kiko palepale kwa nje, na Flaviana, ambaye angeweza kunyoosha mkono akausukuma ukabaki wazi unamsubiri, anaikunja mikono yake kifuani, anauacha hivyohivyo, baba ataufungua mwenyewe.