Hotuba Iliyobakia Mkia

Kama kuna wiki niliyotamani kuchukua mchi wa kinu nikaiponde kompyuta, ni ile ambayo mume wangu Twahir aliitangazia nyumba yetu ya Mbugangari, hapa Gisenyi, kwamba kompyuta yake haizimwi. Haizimwi, haisogezwi, na haitazamwi na mtu ila yeye. Hata pasi nilikatazwa kuchomeka, maana pasi yangu ikiwaka pamoja na birika la chai umeme wa nyumba nzima hukatika. Mimi muuza vitenge, mwenye jina langu sokoni, nikawa nabeba nguo kwenda kuzipigia pasi kwa jirani yangu Mukantwari kama mtu aliyehamia mjini jana.

Chanzo ni binti yetu Nasrine. Alikuja likizo kutoka chuoni akaikuta ile kompyuta kuukuu juu ya kabati, imelala na vumbi lake. Windows yake ulikuwa ukiiwasha asubuhi, unakwenda sokoni, unauza, unarudi, na bado inazungusha kale kaduara. Nasrine akatoa flashi mkobani, akaichomeka ubavuni, akabonyeza hiki na kile, na kompyuta ikafunguka chapuchapu, na picha ya mlima wenye theluji mpaka nikasema mashallah.

"Hii ni Linux," akasema. "Iko inatembea toka ndani ya flashi. Disque ya ndani hatuigusi, ile ilishakufa. Baba, sikiya muzuri: flashi usiitoe kama kompyuta iko inatumika. Na ukiizima, inasahau yote yenye uliandika. Nikirudi nitatengeneza fasi ya kuhifazi, donc kwa sasa usiandike kitu ya maana."

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema Twahir, ambaye muda wote huo alikuwa akiutazama mlima.

Nasrine akarudi chuoni, na baba yake siku hiyohiyo akaanza kuandika kitu cha maana kuliko vyote alivyowahi kuandika.

Mpwa wetu Habib alikuwa anaposa. Binti ni Iradukunda, wa Kanama, kwa wakulima wa viazi na maharagwe, na siku ya gusaba ilishapangwa. Kwetu hamwendi kuomba binti kwa kunyoosha mkono. Kila upande unaleta msemaji wake, na hao wawili wanapigana kwa maneno mbele ya watu wote: mmoja anaomba, mwenziwe anajifanya hajui hata kama nyumbani kwake kuna binti. Msemaji wa Habib alikuwa Twahir.

Sasa Twahir wangu amezaliwa na kukulia Tabora. Alikuja hapa mtu mzima, na ndevu zake. Kiswahili chake ukikisikia utadhani ni redio, lakini Kinyarwanda chake kinachechemea. Mara ya mwisho kupewa nafasi ya kusema harusini alitoa salamu za msibani, na bibi harusi akalia kweli. Wazee wa ukoo walimwambia wazi: akiharibu kwa Habib, hatasimama tena kusema neno popote, hata dua ya chakula atasomewa. Akawaambia hataharibu.

Na kuna jambo jingine, ambalo mimi mkewe nalijua kwa sababu nalala naye. Hapa mwanaume aliyewahi kupewa ng'ombe na mwenzake huapa kwa jina la aliyempa. "Yampaye inka fulani!" anasema, yaani fulani alinipa ng'ombe, na hapo kila mtu anajua huyu ana watu wake. Barazani kwetu wote wana wa kumwapia: fundi wa pikipiki anaye, muuza sambaza, wale dagaa wa hapa, anaye. Ikifika zamu ya Twahir anasema "Wallahi," halafu anachezea kikombe. Wao wanamwita Mutanzania, na wanacheka, naye anacheka nao. Akirudi nyumbani hacheki, na mimi huwa inaniuma.

Kwa hiyo aliandika hotuba ile kama mtu anayejenga nyumba. Aliuliza maneno kwa wazee, akasikiliza kanda za harusi za watu, akaandika, akafuta, akaandika. Kisha jioni akaizima kompyuta vizuri kama alivyozoea, akaja kula.

Asubuhi nilisikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. Nilidhani amekanyaga moto. Kumbe mlima ulikuwapo, theluji ilikuwapo, hotuba hakuna.

Akampigia Nasrine. Nasrine akasema, kwa sauti ya mtu anayejua atagombezwa kwa kosa lisilo lake: "Baba, si nilikuambia inasahau?" Akamshauri aandike upya, kisha achomeke flashi nyingine aihamishie huko. Matundu mengine yote ya kompyuta yalishakufa. Basi aitume kwa mtandao. Kompyuta haikuona mtandao wowote. "Bon, Baba, andika kwa karatasi," akasema Nasrine. Twahir akakata simu, kwa kuwa msemaji akikutwa na karatasi ya hotuba ni aibu, na karatasi huokotwa na watu. Wapinzani wakijua utaanza vipi, wanakuja na jibu mfukoni.

Ndipo ikawa haizimwi. Aliandika upya, na kompyuta ikaunguruma usiku na mchana kama sufuria ya maharagwe. Alipotoka aliifunika skrini kwa kitenge changu kizuri cha wax. Aliporudi aliuliza kwanza hali yake, kisha yangu.

Siku ya gusaba ikafika, na Twahir, mtu wa kutoridhika, asubuhi hiyohiyo alikuwa bado anarekebisha sehemu ya mwisho. Mwanzo wa hotuba hakuwa ameukariri vizuri. Akaamua kwamba kompyuta itakwenda nasi, ikiwa hai, naye ataisoma njiani mpaka ikae kichwani.

Dereva wetu alikuwa Théoneste, mwenye basi dogo lenye kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri ya gari uwe wa ukutani. Tatizo lilikuwa kutoka ukutani hadi garini. Betri ya kompyuta yenyewe ilikuwa inadumu muda wa mtu kusema Bismillahi, na aiseme bila kuvuta.

"Muzee, mi nitashika waya ya motokari hapa kwa mulango," Théoneste akasema. "We ukitoa ya nyumba, mi naingiza yangu. Tusipoteze hata pumzi."

"Bismillahi," akasema Twahir, akachomoa. Théoneste akachomeka. Skrini ikafifia, ikarudi. Habib, bwana harusi mwenyewe, akapiga makofi. Nilimwona mume wangu akibeba kompyuta kuingia garini, nyuma yake waya unaburuzika, na jirani zangu wote wamesimama mlangoni, na Mukantwari ameshika pasi.

Tukapanda kuelekea Kanama. Twahir alikaa nyuma ya dereva, kompyuta magotini, na kwa kuwa hakutaka mtu aone, alijifunika kitenge yeye na kompyuta yake, kama mtu anayejifukiza mafua. Kutoka chini ya kitenge tukawa tunasikia mnong'ono wa Kinyarwanda. Ilionekana tu ile flashi, imechungulia pembeni, na kijitaa chake kinametameta.

Pembeni yake alikaa shangazi yake Habib, Robinah, aliyekulia Uganda, mama mwenye moyo mweupe na mikono isiyotulia. Alitazama nje, akatutazama sisi, akatazama nje tena.

"But jamani, hii ni safari ya kuoa ama ya kuzika?" akasema. "Théoneste, wapi mziki?"

"Flashi yangu ilibaki ku nyumba, Mama."

Mji wetu ndivyo ulivyo: flashi ni nyimbo. Kila mtu anayo, iko kwenye funguo, kwenye pochi, shingoni. Hakuna mtu Gisenyi aliyewahi kuiona flashi akafikiri kitu kingine. Robinah aliona flashi imechomekwa mahali pasipo na mziki, imekaa bure, basi akaichomoa kwa vidole viwili, taratibu, asimsumbue mzee, akampa Théoneste.

Redio ikatafuta. Ikatafuta tena.

"Mama, hii haina wimbo hata moja," Théoneste akasema. "Iko na mambo mingi sana, lakini wimbo hapana."

Chini ya kitenge mnong'ono ukanyamaza.

"Mama Nasrine," akaniita Twahir, kwa sauti ndogo mno. "Kishale hakitembei."

Nikafunua kitenge. Ukurasa ulikuwapo, umeganda. Ukibonyeza juu hakuna, chini hakuna. Tukairudisha flashi mahali pake, tukaipapasa, tukaiombea. Kompyuta ilikuwa imenuna. Na ukurasa uliogandia hapo ulikuwa wa mwisho, ule wa shukrani, aliokuwa akiurekebisha.

"Sorry, Twahir. Sorry, kaka yangu," akasema Robinah, na machozi yakamtoka palepale. Twahir hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu.

Habib ndiye aliyetoa simu. "Mjomba, tupige hata huu mumoja photo, usipotee nao," akasema, akaipiga picha skrini, chap, ikatoka safi, kila herufi inasomeka.

Kila mmoja garini alikuwa akifikiria jambo lilelile: kurasa zote zile, wiki nzima, simu zote zile nyumbani mwetu, na hakuna aliyewaza kupiga picha. Twahir alinitazama. Mimi nikatazama migomba ya Kanama, na mbele Théoneste akaanza kukohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko ili alipwe.

Kwa akina Iradukunda walitupokea chini ya turubai, viti vya upande huu na upande ule. Msemaji wao alikuwa Rutagengwa, baba mkubwa wa binti, mzee mwembamba mwenye fimbo na sifa mbili: hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, na akifurahi sana huwa anatoa ndama. Maneno yao yalikuwa ya Kinyarwanda. Mimi nayaweka kwa Kiswahili.

"Wageni," akaanza Rutagengwa, "naona mmependeza sana kwa watu waliopotea njia. Soko la Mahoko mmeliacha kule chini. Mnatafuta nini kwangu?"

Watu wakacheka. Twahir akasimama, simu ya Habib mkononi. Akafungua mdomo. Nikaona mwanzo wa hotuba unamkimbia usoni kama kuku aliyeona kisu. Wazee wetu wakaanza kuinamisha vichwa. Nilikuwa nimekunja ncha ya mshanana wangu, vazi letu la sherehe, ngumini, nikisema moyoni, sema lolote, Baba Nasrine, sema lolote.

Akasoma alichokuwa nacho.

"Tunakushukuruni," akasema, "kwa kutupa Iradukunda."

Turubai zima lililipuka kwa kicheko. Rutagengwa aliinua fimbo. "Ngoja, ngoja! Nimempa nani, saa ngapi? Mimi sijakubali hata kama ninaye!"

Lakini mtu akishateleza kwenye mlima wa Kanama hasimami katikati. Twahir akaendelea na mstari uliofuata, kwa kuwa ndio uliokuwa unafuata.

"Na wewe, Rutagengwa, kwa ng'ombe uliyenipa leo, tangu sasa nitaapa kwa jina lako. Yampaye inka Rutagengwa!"

Hapo hapakuwa na kicheko. Alikuwa ameyaandika yale maneno kwa kubahatisha tu, kama mtu anayenunua viatu vya mtoto ambaye hajazaliwa, na sasa yametoka mbele ya koo mbili. Kushukuriwa ng'ombe mbele ya watu si jambo la kuambiwa "umekosea, si mimi."

Rutagengwa akashusha fimbo. "Mwanzo wa maneno yako uko wapi?" akauliza.

Na Twahir, kwa Kinyarwanda chake kinachochechemea, akamwambia ukweli. Mwanzo ulikuwa kwenye kompyuta. Kompyuta inasahau ikizimwa, kwa hiyo hawakuizima, mke wake hakupiga pasi kwake wiki nzima, wakaileta kwa betri ya gari, kisha shangazi akataka mziki. Alipofika kwenye picha ya simu, mtu mmoja upande wa binti alianguka na kiti chake. Robinah alijifunika uso. Hata Iradukunda, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuonekana bado, alisikika akicheka ndani ya nyumba, na upande wetu ukapiga kelele kwamba basi binti yupo, tumemsikia!

Rutagengwa alifuta macho. "Nimesemea harusi tangu nikiwa na meno yote," akasema. "Wamekuja wa kunidanganya, wa kunisifu, wa kunitisha. Hakuna aliyewahi kuja kunishukuru kwanza. Mtu aliyeniamini hivi nitamfanyaje?" Akageukia watu wake. "Ng'ombe wangu mwenye baka ana mimba. Ndama ni wa huyu. Na mtu asimwite tena Mtanzania mbele yangu. Mtanzania gani ana ng'ombe Kanama?"

Twahir ilimpasa aruke na kupaza sauti, ndivyo afanyavyo aliyepewa. Hakuruka. Alisema tu yale maneno tena, polepole, na safari hii simu ilikuwa imezimika mkononi mwake. Mimi nililia, na wala sikujificha.

Habib alimwoa Iradukunda wake. Nasrine alikuja akatengeneza ile flashi, sasa inakumbuka hata makosa. Ndama amezaliwa, ana baka kama mama yake, anakaa hukohuko Kanama, nasi tunakwenda kumsalimia. Nami nimerudi kupiga pasi kwangu.

Juzi pasi na birika viligongana, umeme ukakatika, na kompyuta ikazima katikati ya barua aliyokuwa akiandika, kabla hajaihifadhi. Nikasimama na pasi yangu, nikingoja matusi. Nikamsikia kule chumbani, gizani.

"Yampaye inka Rutagengwa," akasema. Kisha akayarudia maneno hayo, bila sababu yoyote.